Jibu la VVU Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kujua Kipimo cha Damu ni cha Kuaminiwa Kiasi Gani

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliniwekea karatasi tatu mezani, zimekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwanza ilisema chanya. Ya pili, ya siku mbili baadaye kutoka kwingine, ilisema hasi. Ya tatu ilikuwa na maneno "rudi upimwe tena" na muhuri uliofifia. "Daktari, hii yote ni damu yangu," akaniambia. "Sasa niamini gani?"

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini Nairobi hii kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote. Watu huuliza kipimo ni sahihi kwa asilimia ngapi, wakiambiwa 99 wanashukuru na kuondoka. Mimi hiyo 99 hainitoshi. Nataka kujua ni siku ngapi zimepita, nani alidunga kidole, saa ilitazamwa au ilikisiwa, na baada ya kipimo cha kwanza kilifuata nini. Tutapita njia hiyo hiyo hapa, hatua kwa hatua. Nimeandika kwa mwenye jibu mkononi, ingawa kuna mahali nitawageukia wenzangu wa maabara.

Hatua ya 1: Jua kinachotafutwa

Kipimo cha kidoleni, kile cha mistari, kwa kawaida hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda kupigana na VVU. Kwenye ule ukanda mweupe pamepakwa vipande vya protini vinavyofanana na vya virusi. Damu inapopita juu yake, kama ina kingamwili za VVU, zinanasa pale na mstari unatokea. Vipimo vya siku hizi vimetengenezwa kunasa za VVU-1, ambavyo ndivyo vilivyoenea Kenya, na VVU-2, ambavyo makao yake makubwa ni Afrika Magharibi.

Mashine za maabara kubwa zinazotumia damu ya mshipa huweza kutafuta vitu viwili kwa pamoja: kingamwili, na protini ya virusi vyenyewe iitwayo p24. Hivyo huitwa vipimo vya kizazi cha nne. Halafu kuna PCR, inayotafuta chembe za urithi za kirusi. Muulize anayekupima: hiki ni cha namna gani? Ana wajibu wa kukujibu, na akinuna, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 2: Hesabu siku kabla ya kuhesabu mistari

Mtu akiambukizwa leo, kesho hana kingamwili hata moja. Mwili unahitaji muda. Muda huo washauri nasaha wanauita kipindi cha dirisha, na ndani yake mtu anaweza kuwa na virusi tele huku kipimo kikisema hasi. Tena siku hizo ndizo virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu, kwa hiyo ni rahisi kumwambukiza mwenzake.

PCR huweza kukamata maambukizi kuanzia siku ya 10 hadi ya 33. Kipimo cha kizazi cha nne kwa damu ya mshipa, siku ya 18 hadi ya 45. Kipimo cha kingamwili pekee, siku ya 23 hadi ya 90. Ukiona mtu amepimwa kidole siku ya 12 akaambiwa hasi, jibu hilo linazungumzia maisha yake ya nyuma, usiku ule anaouogopa bado haumo. Arudi siku 90 zikitimia, na katikati asiwe amejiweka kwenye hatari nyingine, la sivyo hesabu inaanza upya.

Na kama ni jana au juzi tu, usikimbilie kipimo kwanza. Kimbilia PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio. Zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Watakupima hapo hapo wanapokupa. Nimeona kijana akipoteza siku mbili akizunguka mitaani kutafuta nani ana kipimo cha haraka zaidi.

Dawa nazo huvuruga hesabu. Anayemeza PrEP, dawa za kujikinga kabla ya tukio, na bado akaambukizwa anaweza kuchelewa kuonyesha kingamwili. Aliye kwenye ARV, dawa za kudhibiti VVU, kwa muda mrefu anaweza kuwa na kingamwili chache kiasi kwamba kipimo, hasa cha mate, kinabaki na mstari mmoja, yaani hasi. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu naliona: mtu ameombewa, amenunua kipimo cha mate kwa kemisti, ameona mstari mmoja, ameacha dawa. Virusi havijaenda popote. Aliyekwisha kuthibitishwa na kuanza dawa hapaswi kujipima tena kwa kipimo cha kingamwili. Kwake kipimo chenye maana ni cha wingi wa virusi.

Mtoto mchanga ni kisa kingine. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kukaa kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18. Mtoto wa mama mwenye VVU akipimwa kidole akiwa na miezi minne na mistari miwili ikatokea, huenda ni askari wa mama tu. Mtoto hupimwa kwa PCR, kwa damu ya kisigino iliyokaushwa kwenye karatasi maalum, na kliniki za hapa hufanya hivyo akiwa na wiki sita na kurudia baadaye.

Hatua ya 3: Tazama mikono

Hapa ndipo majibu mengi huharibika, na hapa ndipo macho yako yanaweza kukusaidia hata kama hukusoma sayansi.

Pakiti ifunguliwe mbele yako. Isome tarehe ya kuisha. Vipimo vingi vya haraka hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Nairobi ina hewa nzuri, lakini chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa Februari si Nairobi tena, ni Garissa. Kama boksi la vipimo limekaa dirishani likiota jua, uliza.

Kidole kinapanguswa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Tone la kwanza la damu linafutwa, la pili ndilo linalotumika. Damu inavutwa kwa kijibomba chenye alama ya kiasi. Kipimo cha Determine, kwa mfano, kinataka mikrolita 50 za damu ya kidole. Vingine vinataka chini ya hapo. Mpimaji anayekamua kidole kama ndimu kisha akaminya tone lolote lililopatikana, ameshaharibu kipimo kabla ya kukisoma.

Baada ya damu huwekwa tone la kimiminika cha kuisukuma, sisi tunakiita bafa. Kila kipimo kina bafa yake. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, sitapataja, tuliishiwa bafa ya kipimo kimoja na mwenzangu akaazima chupa ya kipimo kingine, rangi ya kifuniko ilikuwa karibu sawa. Asubuhi nzima mistari ilitoka mizuri. Tulipopitisha sampuli tuliyojua ni chanya, ikasema hasi. Tuliwapigia simu watu wote wa asubuhi ile warudi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna simu ngumu kama hiyo.

Usidanganywe na mstari wa udhibiti, ule unaotakiwa kutokea kila mara. Wengi hudhani ukitokea basi kila kitu kimekwenda sawa. Kwa vipimo vingi mstari huo unaonyesha tu kwamba kimiminika kimetembea hadi mwisho wa ukanda. Damu ikiwa kidogo mno, au isiwekwe kabisa, mstari bado unaweza kutokea. Usipotokea kipimo ni batili, hata kama ule mwingine umewaka kama taa. Ukitokea, umepata ruhusa ya kusoma, basi.

Saa nayo. Determine husomwa kuanzia dakika 15 na isizidi 60. Kila kipimo kina dakika zake zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Ukisoma mapema, mstari hafifu haujajitokeza. Ukisoma umechelewa, ukanda umekauka na kuacha vivuli vinavyofanana na mstari. Mpimaji awe na taima mezani. Nikiona mtu anapima wateja wanne kwa mpigo bila taima na bila namba kwenye kila ukanda, mimi huondoka, na wewe ondoka. Kubadilishana sampuli za watu wawili ni kosa ambalo hakuna asilimia ya kiwandani inayoweza kulirekebisha.

Mstari hafifu je? Kanuni ni kwamba mstari wowote, hata ule unaolazimika kuinamia taa kuuona, unahesabiwa kuwa kipimo kimeitika. Hakuna "chanya kidogo". Lakini kuitika si kuthibitishwa, na kwenye mistari hafifu ndiko makosa mengi ya chanya hujificha. Msomaji wa pili, asiyeambiwa wa kwanza ameona nini, ni bora kuliko kioo cha kukuza.

Hatua ya 4: Vunja ile asilimia 99

Kipimo kina sifa mbili, na kila moja ina namba yake. Unyeti ni uwezo wa kumkamata aliye na VVU. Umahususi ni uwezo wa kumwacha asiye navyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka kipimo cha haraka kiwe na unyeti usiopungua asilimia 99 na umahususi usiopungua 98. Zinasikika kama namba za kulalia usingizi. Ngoja tupige hesabu.

Chukua watu 10,000. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wana VVU, wanawake 6.6 na wanaume 3.1. Tuseme 5 ili hesabu iwe nyepesi. Basi 500 wanavyo, 9,500 hawana. Kwa unyeti wa 99, kipimo kinawakamata 495 na kuwakosa 5. Kwa umahususi wa 98, katika wale 9,500 wasio navyo, 190 wataitika bure. Walioitika wote ni 685, na wenye VVU kweli ni 495, yaani asilimia 72. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne walioona mistari miwili hana chochote.

Sasa geuza. Tuseme wanaokuja kupimwa ni kundi ambalo asilimia 1 tu ndio wana VVU. Hili si jambo la kufikirika: wengi wenye VVU wameshajijua na wako kwenye dawa, kwa hiyo hawapangi foleni ya kupimwa tena. Kati ya 10,000, wenye VVU ni 100, wanakamatwa 99. Wasio navyo ni 9,900, wanaoitika bure ni 198. Kati ya walioitika, wa kweli ni theluthi moja. Kipimo ni kile kile, mkono ni ule ule, asilimia za boksi ni zile zile, na bado maana ya mistari miwili imeporomoka kutoka 72 hadi 33.

Ndiyo maana jibu chanya halitolewi kwa kipimo kimoja. Pitisha wale 297 walioitika, 99 wa kweli na 198 wa bure, kwenye kipimo cha pili chenye unyeti 99 na umahususi 99: wa kweli wanabaki 98, wa bure wanabaki 2. Pitisha kwenye cha tatu na hao wawili wa bure wanakaribia kutoweka. Kwa muda mrefu nchi zenye maambukizi mengi ziliruhusiwa kuishia kwenye vipimo viwili. Mwaka 2019 WHO ilisema nchi zote ziende kwenye vitatu mfululizo, kwa sababu hiyo hiyo ya hesabu: kadiri wagonjwa wapya wanavyopungua kwenye foleni, ndivyo wa bure wanavyoongezeka ndani ya walioitika. Wakati huo huo ilisema Western blot, kile kipimo cha zamani cha kuthibitisha ambacho bado watu hukitaja kana kwamba ni Mahakama ya Juu, kiachwe. Ni ghali, kinachelewa, na kina majibu mengi ya katikati.

Hesabu ya hasi ni tulivu zaidi. Katika mfano wa asilimia 5, waliosema hasi ni 9,315, na waliokosewa ni 5. Nje ya kipindi cha dirisha, hasi iliyopimwa vizuri ni jibu la kuaminika sana.

Kuna sharti moja ambalo watu hulisahau. Vipimo vitatu vinasaidiana kama vimetengenezwa tofauti. Ukichukua kipimo cha aina moja ukakirudia mara tatu, umemuuliza shahidi mmoja mara tatu. Kama damu yako ina kitu kinachokichanganya kipimo hicho, kitachanganyika mara zote. Kila kipimo kiwe na jina lake na protini zake.

Hatua ya 5: Uliza damu yako ina hadithi gani

Sababu za kuitika bure si nyingi lakini zipo. Magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe, kama lupus. Maambukizi yanayouchochea mwili kumwaga kingamwili za kila aina, malale na kichocho zikiwa kati yake. Chanjo ya mafua ya hivi karibuni imewahi kuonekana. Hapa Nairobi kuna moja ya kipekee: majaribio ya chanjo ya VVU yamefanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia KAVI, taasisi yake ya utafiti wa chanjo, na aliyechanjwa kwenye jaribio kama hilo anaweza kubeba kingamwili bila kuwa na kirusi hata kimoja. Akipimwa kidole Githurai, mistari miwili. Mtu wa namna hiyo amwambie mpimaji mapema na apimwe kwa njia inayotafuta kirusi chenyewe.

Hatua ya 6: Kagua maabara

Maabara na wataalamu wake husajiliwa na bodi iitwayo KMLTTB. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani na kiwe cha mwaka huu. Ithibati ya KENAS, shirika la Kenya la kutoa ithibati, kwa kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, ni hatua ya juu zaidi, inamaanisha mtu wa nje amekuja kukagua kazi. Lakini swali ninalolipenda mimi ni hili: "Mara ya mwisho mlipimwa nyinyi lini?" Kuna sampuli za siri, zilizokaushwa ndani ya vichupa, ambazo maabara ya rufaa huwatumia wapimaji wasiojua zipi ni chanya. Majibu yanarudishwa na kusahihishwa kama mtihani. Mpimaji anayefanya mtihani huo atakuambia bila kusita.

Wenzangu, mkipokea aina mpya ya kipimo au loti mpya, yaani mkupuo mpya wa kiwandani, msiridhike na kitabu cha kiwanda. Chora jedwali la vyumba vinne: chanya za kweli, hasi za kweli, na makosa ya pande zote mbili. Tumieni sampuli ambazo hali yake ilishathibitishwa kwa njia kamili, na anayesoma asijue ipi ni ipi. Kisha mnapokuta makosa sifuri, msishangilie bado. Gawanya 3 kwa idadi ya sampuli. Hasi 200 bila kosa hata moja maana yake kiwango halisi cha makosa bado kinaweza kufika asilimia 1.5. Chanya 50 bila kosa, kinaweza kufika 6. Mtu aliyepima sampuli 20 na kuandika "usahihi asilimia 100" kwenye ripoti anatakiwa kurudishiwa ripoti yake. Na wekeni kwenye seti hiyo damu za walioambukizwa karibuni. Kukamata maambukizi ya miaka mitano si kazi ngumu.

Damu ya udhibiti, moja chanya na moja hasi, ipitishwe kwa ratiba, na kila loti mpya inapofunguliwa, na kila joto la stoo linapovuka mpaka. Iandikwe. Isipoandikwa haikufanyika.

Hatua ya 7: Majibu yakigongana

Kwa mpango wa vipimo vitatu wa WHO, kipimo cha kwanza kikinyamaza, jibu ni hasi. Kikiitika, unakwenda cha pili. Cha pili kikinyamaza, unarudia cha kwanza: kikinyamaza safari hii jibu ni hasi, kikiitika tena jibu halijajulikana. Viwili vikiitika, unakwenda cha tatu. Vyote vitatu vikiitika, jibu ni chanya. Cha tatu kikinyamaza, jibu halijajulikana. Hakuna kupiga kura, hakuna "viwili kati ya vitatu". Asiyejulikana anarudi baada ya siku 14.

Kwa nini 14? Kwa sababu maambukizi ya kweli hayakai mahali pamoja. Kingamwili zinaongezeka, na kipimo kilichonyamaza leo kitaitika wiki mbili zijazo. Kitu kilichochanganya kipimo kimoja kwa kawaida hubaki pale pale. Na kila aliyethibitishwa chanya anatakiwa kupimwa tena kwa sampuli nyingine, ikiwezekana na mtu mwingine, kabla ya kuanza dawa za maisha. Hiyo haimaanishi kuzichelewesha. Hufanyika siku ile ile.

Kipimo ulichojifanyia nyumbani ukiona mistari miwili, nenda kituoni ukaanze mwanzo wa mpango huu.

Jambo la sheria kwa ufupi: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kukulazimisha kupimwa ili upate kazi, na jibu lako ni siri yako.

Yule mama wa Umoja, nilipomuuliza, ile karatasi ya kwanza ilitokana na kipimo kimoja tu, mstari ukiwa hafifu, na hapakuwa na cha pili. Mara ya mwisho ya hatari aliyoikumbuka ilikuwa miezi saba nyuma. Nilimpima: cha kwanza kikaitika, cha pili kikanyamaza, nikarudia cha kwanza kikaitika tena. Nikamwandikia tarehe ya kurudi nyuma ya bahasha yake ya kaki. Siku ya 14 alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Ule mstari ulikuwa pale pale, hafifu vile vile kama mwanzo, na cha pili kilikuwa kimya. Miezi saba ni nje kabisa ya dirisha, na hakuna kilichoongezeka. Nikaandika hasi, nikaandika jina la kila kipimo na namba ya loti yake, nikapiga muhuri. Aliisoma mara mbili, akachukua zile tatu za mwanzo, akaniuliza kama nina kiberiti.